Majiko Mabichi ya Uwanja wa Vichwa

Katika Kichochoro cha Wafinyanzi, nje ya ukuta wa kusini wa mji wa Kantoni, watu walitambua kwamba serikali iko kazini kwa dalili mbili. Ya kwanza ilikuwa kodi. Ya pili ilikuwa amri ya kuondoa vyungu.

Uwanja wa kichochoro hicho ulikuwa mwembamba na mrefu kama mkeka wa kulalia, na ndio mahali pekee pale mtaani ambapo jua lilifika asubuhi na kukaa hadi alasiri. Kwa hiyo wafinyanzi walianika vyombo vyao hapo. Ndipo pia serikali ya mkoa ilipokatia watu vichwa, tangu enzi ambazo hakuna babu wa mtu aliyezikumbuka. Pande hizi mbili ziliishi kwa adabu. Mjumbe alipiga upatu, wafinyanzi wakabeba vyombo ndani, serikali ikafanya yake, majivu yakamwagwa, na kabla wali haujaiva vyombo vilikuwa vimerudi juani. Wenye nyumba kubwa za mjini, ambao wasingekanyaga kichochoro hicho hata kwa kubebwa, walichemshia supu zao juu ya majiko yaliyokaukia hapo, na wakaisifu ladha yake.

Yip Sau-king aliletwa kichochoroni akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili, ndani ya machela nyekundu, siku ya amri ya kuondoa vyungu. Machela ilisubiri nje ya lango mpaka serikali imalize. Hakuona mkosi. "Siku hiyo kulikuwa na watu wenye bahati mbaya kuliko yangu," alizoea kusema, "na si kila bibi harusi anaweza kujisifia hilo."

Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa mjane, na majirani walimwita Shangazi Lau, kwa ukoo wa mumewe. Alifinyanga majiko madogo ya mkaa: mdomo mmoja wa kupepea, vinundu vitatu vya kukalishia chungu. Aliyafinyanga vizuri kuliko marehemu, jambo ambalo marehemu alilijua na akawa na busara ya kufa bila kulitamka.

Alichoachiwa chenye maana kilikuwa kimoja tu: zamu. Tanuri lilikuwa moja, la chama cha wafinyanzi, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Siku ya nyumba yake ilikuwa tarehe kumi na nane ya mwezi wa kumi na mbili, zamu nono kuliko zote, kwa sababu hakuna mwanamke wa Kantoni anayeingia mwaka mpya na jiko lenye ufa. Sheria ya chama ilikuwa fupi. Alfajiri ya zamu huwashwa kijiti cha ubani mlangoni mwa tanuri. Kikiisha kuwaka kabla vyombo vyako havijafika, zamu imekutoka, na hairudi tena. Mwanamume aliyechelewa aliweza kubembeleza. Mjane alikuwa hana wa kumbembeleza, kwa kuwa mzee wa chama alikuwa shemeji yake, Lau Pak-hong, na ndiye ambaye zamu hiyo ingemwangukia.

Mwaka huo, tarehe kumi, Sau-king alianika majiko mia tatu na thelathini. Tarehe kumi na moja upatu ukalia.

"Saba!" alitangaza mjumbe. "Maharamia saba! Ondoeni vyombo!"

Habari ya hao saba ilikuwa imefika kichochoroni kabla yao. Msimu uliopita meli ya kigeni ya moshi iliporwa baharini na nahodha wake akauawa. Waporaji walikimbilia bandari ya mlangoni mwa mto, ambayo ilikuwa ya taifa jingine la kigeni. Huko wakakamatwa, wakakabidhiwa kwa Kantoni pamoja na barua: kwamba wahukumiwe mbele ya mjumbe wa bandari, na wasipigwe. Kantoni iliwapokea watu, ikaihifadhi barua mahali salama kabisa, ikawapiga.

Sasa mjini kulikuwa na makonsuli wawili wasiosalimiana. Kichochoro, ambacho hakikuwa na subira na majina marefu ya kigeni, kiliwaita Konsuli wa Meli na Konsuli wa Bandari. Konsuli wa Meli alitaka vichwa kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake kwamba jambo hilo limekwisha, kwa hiyo ilibidi liishe. Konsuli wa Bandari hakuwapenda maharamia hata kidogo, na kwa hiari yake angewanyonga mwenyewe. Ila barua ilikuwa na sahihi yake.

Basi tarehe kumi na moja majiko yaliingia ndani. Tarehe kumi na mbili Konsuli wa Bandari akapinga, majiko yakatoka. Tarehe kumi na tatu yaliingia asubuhi na kutoka alasiri. Udongo mbichi haupendi safari. Kumi na nane yalipasuka, yakabaki mia tatu na kumi na mawili.

Tarehe kumi na nne akaja Karani Ng wa ofisi ya hakimu, mwembamba, wino kwenye dole gumba, uso wa mtu aliyeandika barua moja mara sita.

"Bi Lau," alisema, "majiko haya yakibebwa mabichi hivi, huvunjika?"

"Unaniuliza au unanizomea, Bwana Karani? Kumi na nane yale pale kwenye pipa. Yaulize yenyewe."

"Hukauka kwa siku ngapi?"

"Bila serikali, siku nne. Na serikali, sijui. Sijawahi kuona serikali ikikausha kitu."

"Nitaandika lile jibu la kwanza," alisema Karani Ng, akaenda zake akitembea kama aliyepata nafuu.

Kesho yake barua mbili zilitoka. Konsuli wa Meli aliarifiwa kwamba, kwa desturi ya kale ya mafundi, udongo mbichi hauondolewi uwanjani; utakapokauka, siku hiyo hiyo vichwa vitaanguka. Konsuli wa Bandari aliarifiwa kwamba, kama mheshimiwa anavyoweza kujionea, uwanja umejaa majiko. Barua zote mbili zilikuwa za kweli, jambo lililokuwa nadra sana katika kazi ile, na Karani Ng alijinakilia za kwake za kumbukumbu.

Kufumba na kufumbua, majiko ya Sau-king yakawa suala la kimataifa. Yaliwekewa askari mwenye mkuki. Kila asubuhi walikuja wazungu wawili, mmoja kutoka kwa kila konsuli. Wa Bandari alisimama langoni, leso puani, akayahesabu, akaondoka. Wa Meli alikuwa kijana mwenye masharubu mekundu na glovu nyeupe, na yeye aliyagusa. Siku ya kwanza alitoa kisu kidogo akachora mistari miwili iliyokatana kwenye jiko la safu ya mbele, ili asidanganywe. Nyuma yake mtaa mzima ulijaa: wauza karanga, wauza chai, wazee waliotoka ng'ambo ya mto kuja kutazama udongo ukikauka. Watu waliwekeana dau la bata. Haijapata kutokea Kantoni watu wengi kiasi hicho wakasisimkwa na kitu kinachokwenda polepole kiasi hicho.

Mjomba Tam, mkata vichwa, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka lango, aliweka kigoda chake kivulini kila siku, upanga ukiwa umefungwa kwenye kitambaa.

"Mama Lau, leo vipi?" aliuliza.

"Bado mabichi."

"Basi nirudi nikalale. Hawa vijana wa siku hizi hata kufa wanahitaji barua."

Tarehe kumi na sita upepo wa kaskazini ukavuma, mkavu, na majiko yakaanza kuwa meupe ukingoni. Kwa miaka kumi na tisa Sau-king alikuwa akiusubiri weupe ule kwa furaha. Siku hiyo alipoinua uso kutoka kwenye jiko aliona mwanamke amesimama mbele yake, peku, kofia pana ya watu wa mashuani, uso uliokaushwa na chumvi.

"Shangazi, mimi ni Shek," alisema mwanamke. "Mwanangu ni mmoja wa wale saba. Kam-fuk. Alikuwa mpishi tu chomboni."

"Wote ni wapishi!" Mjomba Tam aliropoka kutoka kigodani. "Miaka thelathini sijakata haramia hata mmoja. Wapishi watupu. Ajabu watu wa baharini hawanenepi."

Bi Shek alimpa mgongo. Alikuwa akiyatazama majiko, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa. "Wanasema siku mihuri ya serikali ikifungwa kwa ajili ya mwaka mpya, hakuna hati inayopigwa muhuri kwa mwezi mzima. Bila muhuri hawawezi. Na katika mwezi huo barua ya wale wa Bandari itakuwa imefika Peking. Ni tarehe ishirini, adhuhuri. Siku nne tu, Shangazi. Yaache yakae siku nne."

"Zamu yangu ya tanuri ni keshokutwa alfajiri."

"Najua. Nimeambiwa."

"Nikikosa, sina zamu tena maisha yangu yote. Unajua mjane bila tanuri ni nani hapa? Ni mpishi wa shemeji yake."

"Basi mpishi huyo atakuwa hai," alisema Bi Shek.

Sau-king alimkasirikia vibaya sana. Akaingia ndani akaukanda udongo uliokuwa umeshakandwa.

Jioni Pak-hong alipita, mikono ndani ya mikono ya joho. "Shemeji, mimi nakuhurumia. Serikali imeyashika majiko, hutaweza kuyatoa. Hakuna atakayekulaumu ukikosa."

"Na zamu?"

"Itabaki katika ukoo," alisema Pak-hong kwa upole, akaenda kuangalia akiba yake ya kuni.

Ni upole huo uliomwasha. Sau-king alitoka akazunguka nyumba za jirani, akaona kitu ambacho wiki nzima alikuwa amekiona bila kukitazama. Kila nyumba ilijaa majiko mabichi, yamepangwa hadi chini ya vitanda, yanaota ukungu kwa kukosa jua, kwa sababu jua lote la kichochoro lilikuwa limekaliwa na yake.

"Shangazi Lau," alilalamika jirani, akimfukuza paka kutoka juu ya jiko, "majiko yako yamekuwa mabalozi, ya kwangu yanakuwa uyoga. Yataondoka lini?"

"Keshokutwa alfajiri," alisema Sau-king. "Na ya kwenu yatakaa mahali pake. Moja likitoka, moja linaingia. Msiniharibie hesabu."

Jirani alifikiri kwa muda wa kupiga chafya. "Na askari?"

"Askari ameambiwa nini?"

"Yasipungue."

"Basi hayatapungua."

Alfajiri ya tarehe kumi na nane Pak-hong aliwasha kijiti cha ubani mlangoni mwa tanuri. Kutoka uwanjani hadi tanurini palikuwa na hatua mia nne na kona tatu. Sau-king akapiga makofi mara moja, na milango yote ya kichochoro ikafunguka.

"Simameni!" askari alipiga kelele. "Yasipungue!"

"Yamepungua?" aliuliza Sau-king, jiko kavu kiunoni upande wa kulia. Kushoto jirani alikuwa akiweka bichi palepale. "Hesabu, mwanangu. Sisi tunakusubiri."

Askari akaanza kuhesabu. Alikuwa mtu mwaminifu. Alipofika arobaini mtu alimpita mbele, akaanza upya. Wakati anahesabu mara ya tatu nusu ya safu ilikuwa imeshageuka rangi kutoka nyeupe kuwa kijivu, naye akaamua kuutazama ukuta.

Lakini mikono haikutosha. Majirani walikuwa wanaleta mabichi. Makavu yalikwama kwenye kona ya kwanza, na kule tanurini ubani ulikuwa umefika katikati. Ndipo ukasikika mdundo wa nyayo peku. Bi Shek alikuja na wanawake wa mashuani zaidi ya ishirini, mizegazega, ile miti ya kubebea yenye kamba, mabegani, wakitembea ule mwendo wao wa kuyumba unaowachekesha watu wa nchi kavu. Hakuna jiko lililoyumba. Kila mmoja alibeba manane, manne mbele na manne nyuma, akapotea konani, akarudi mbio akiwa mtupu.

"Watu wa mashuani hawagusi vyombo vya chama!" Pak-hong alipaza sauti mlangoni. "Ni desturi!"

"Hawavigusi, shemeji!" Sau-king alijibu akipita na manne yake, nywele zimefumuka. "Kamba ndiyo inayogusa!"

Watu waliocheka walicheka huku wakikimbia. Mia. Mia mbili. Mjomba Tam mwenyewe aliinuka kigodani, akabeba mawili, akiyashika kwa mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ubani ulikuwa umebaki urefu wa ukucha. Pak-hong aliukaribia akapumua, kwa bahati mbaya tu, na jivu likadondoka.

"Mia tatu na kumi!" aliita Bi Shek. "Mia tatu na kumi na moja!"

"Na moja lililobaki?" aliuliza Pak-hong upesi.

"Moja limebaki uwanjani," alisema Sau-king, akihema, viganja magotini. "Lina alama ya mzungu. Kama unalitaka, kamwombe."

Kijiti kilizimika. Wazee wengine wa chama walitazama majiko, wakatazama jivu, wakamtazama Pak-hong. Kisha mmoja wao akafungua mlango wa tanuri.

Siku mbili zilizofuata Sau-king alilala kwenye gogo kando ya moto, na kila mchana alikwenda uwanjani kulihudumia jiko lenye alama. Lilikuwa kavu kabisa, katikati ya mabichi, kama mzee kwenye harusi ya vijana. Alilifunika kitambaa chepesi, akalidondoshea maji tone kwa tone, akangoja, akalidondoshea tena. Jiko kavu likinyweshwa polepole hulewa likiwa limesimama. Sura hubaki, moyo unakwisha. Mfinyanzi yeyote anajua, na ndiyo sababu hakuna mfinyanzi anayefanya hivyo.

Tarehe ishirini, saa moja kabla ya adhuhuri, walikuja wote. Konsuli wa Meli alikuwa amechoshwa na udongo, akawa anaisukuma ofisi ya hakimu usiku na mchana, na hati ilikuwa tayari mezani, inangoja muhuri mmoja mwekundu na neno moja la Karani Ng. Wale saba waliletwa ndani ya vikapu na kuwekwa langoni. Kam-fuk alikuwa kijana mwenye masikio makubwa. Mama yake alimwona, na akajishika mdomo kwa mikono miwili. Mjomba Tam aliufungua upanga kwenye kitambaa. Hakufanya mzaha.

Kijana wa masharubu mekundu aligusa safu ya kwanza. Mbichi. Ya pili. Mbichi. Alisema maneno mengi makali kwa lugha yake.

"Anasema nini?" Sau-king aliuliza.

"Anasema siku sita ni nyingi," alitafsiri Karani Ng. "Anasema ametukanwa. Na anauliza liko wapi lile lake."

Karanga ziliacha kumenywa. Sau-king alinyoosha kidole. Kijana alilikuta jiko mahali pake, mistari miwili iliyokatana mbele yake, rangi ya kijivu, umbo zuri. Akaligonga kwa kidole. Halikulia. Alimtazama Sau-king machoni, muda mrefu, kisha akainama, akalishika kwa mikono yote miwili na kulinyanyua ili atazame chini yake.

Jiko lilikuja mpaka magotini. Halafu likakumbuka kwamba lilikuwa udongo. Lilimmwagikia kifuani, kwenye suruali, kwenye viatu. Na vinundu vitatu vya kukalishia chungu vilibaki vidoleni mwake, kwenye glovu ambazo hazikuwa nyeupe tena.

Hakuna aliyecheka mpaka alipocheka Mjomba Tam, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kunyamaza.

"Bado bichi," alisema Karani Ng kwa sauti ya ofisi, akaandika, akapuliza wino ukauke.

Adhuhuri ikafika, na mizinga ya ofisi ya gavana ikapiga mara tatu. Mihuri ilikuwa imefungwa kwenye masanduku yake kwa mwaka huo. Vikapu saba vikanyanyuliwa vikageuzwa njia, na Bi Shek akakimbia kando ya kimojawapo akimwambia mwanawe avute kola, kuna baridi.

Sau-king hakubaki kutazama. Tanuri lilikuwa limeanza kupoa. Alikivunja kizibo cha mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaingiza mkono kwenye joto, akatoa jiko la kwanza: jekundu sawasawa, bila doa. Akaligonga kwa fundo la kidole. Lililia kama kengele ya hekalu.

"Sikiliza, shemeji," alimwambia Pak-hong. "Au nikugongee la pili?"

"Nimesikia," alisema Pak-hong.

Mwezi wa pili barua zilirudi kutoka Peking. Wanne kati ya saba walipelekwa uhamishoni, wawili walikwishakufa gerezani kwa homa, na mmoja, kwa kuwa kila mtu aliyehojiwa alisema alikuwa mpishi, aliachiwa. Konsuli wa Meli aliwaandikia wakubwa wake kwamba ameshinda. Konsuli wa Bandari naye aliandika hivyo hivyo.

Sau-king aliishika zamu yake miaka ishirini na mitatu mingine. Chini ya kila jiko alichora mistari miwili iliyokatana, na wanawake wa mjini walianza kukataa majiko yasiyokuwa nayo, wakisema ni alama ya bahati. Kam-fuk alifungua banda la uji kando ya mto, mama yake akipepea mkaa. Sau-king alikwenda siku moja kuuonja uji huo.

"Vipi, Shangazi?" aliuliza Bi Shek, akimkodolea macho.

Sau-king alimeza kwa shida, akaweka bakuli chini taratibu, akamtazama kijana mwenye masikio makubwa.

"Dada," alisema, "huyu mtoto alikuwa haramia."